Kamba ya Kichwani ni ya Effie Gow

Vuteni viti karibu, Torquil, nawe Grizel mwanangu njoo upande huu wa kushoto, maana wa kulia sikuoni tena, na mkono wa huko umelala tu kama mkono wa mtu mwingine aliyeusahau kitandani kwangu. Fungeni mlango. Nimewasikia mkinong'onezana na daktari kwenye ngazi, akiwaambia ngoja tuone, ngoja tuone. Lakini mimi nimekaa miaka mingi nikiwasikiliza madaktari mahakamani wakizunguka neno moja bila kulitamka, na nalijua neno lenyewe. Basi nisikilizeni kabla ulimi nao haujaufuata mkono. Wala msinikatize. Torquil, najua kukatiza watu mahakamani ndiyo kazi yako, tena mimi ndiye niliyekufundisha, lakini leo niachie mzee wako nimalize.

Mambo ya mali ni mepesi. Nyumba hii ya Edinburgh ni ya Torquil. Nyumba ya Kirkmallo, ile aliyoijenga babu yenu kwa nyundo yake mwenyewe, ni ya Grizel, pamoja na vitabu vyote visivyo vya sheria. Vya sheria wagawieni mawakili, watagombana navyo kama walivyozoea. Hayo yameandikwa zamani, nilipokuwa na mikono miwili, na sina haja ya kuyagusa. Ila kuna jambo moja halimo katika karatasi ile, nalo ndilo nililowaitia. Ni habari ya kamba.

Desturi yetu mnaijua. Nikishakata roho mtachapisha zile kadi ndogo zenye mchoro wa jeneza na nambari za kamba zake nane, kila mwanamume apelekewe yake ajue atasimama wapi na kushika kamba ipi wakati wa kunishusha. Kamba ya kwanza ni ya kichwani, na ya kichwani ni ya mwana wa kwanza. Ndivyo nilivyomshusha baba yangu, ndivyo naye alivyomshusha wake. Torquil, kamba ya kichwani haitakuwa yako. Mpeni Effie Gow.

Nyamaza kwanza. Ndiyo, ni mwanamke, na wanawake wetu hubaki nyumbani wakikata nyama na kumimina chai hadi wanaume warudi na matope ya makaburini. Najua. Najua pia kuwa Januari kuna uchaguzi mdogo, na kiti cha bunge unachokitaka ni kile kile nilichokikalia mimi, na majaji wenzangu watakuja na kofia zao ndefu, na waandishi wa magazeti watasimama nyuma ya ukuta wa kanisa, na kila mmoja atamuuliza jirani yake, huyu mama mwenye koti lililochujuka ni nani hata ashike kamba ya kichwa cha jaji? Ndivyo nitakavyo. Na waulize. Na wewe uwajibu.

Sasa niwaambie mtakayowajibu, maana jina la Gow mmelisikia, ila kisa chenyewe mmekipata kwa magazeti.

Babu yenu alikuwa mwashi, mnajua, na bibi yenu Jessie alinipeleka chuo kikuu na gunia la unga wa shayiri. Gunia likiisha ulingoja ile Jumatatu ya unga, chuo kinafungwa, watoto wa maskini wanarudi makwao kujaza jingine. Alinifunga gunia mgongoni akaniambia, "Nenda, Ninian, lakini ukirudi unanisemesha kwa puani kama Mwingereza, nitakutandika, msomi au si msomi." Nikasoma, nikawa wakili. Mnaujua ukumbi wa mahakama, mawakili wanavyotembea wawili wawili, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, ili siri zisimfikie asiyehusika. Mimi nilitembea miaka miwili, na viatu vilikwisha kabla kesi ya kwanza haijaja.

Mtu wa maneno akikosa kesi hutafuta kura. Nikagombea. Siku ya mkutano wa kwanza ukumbi ulijaa wafumaji na mafundi, na fundi viatu mmoja, Dod Spink, akasimama nyuma huko akapaza sauti: "Ninian! Baba yako alijenga kwa mawe. Wewe mwenzetu unajenga kwa nini, kwa upepo?" Watu wakaangua kicheko. Nikamjibu, "Kwa upepo, Dod, ndiyo maana sijakuomba unibebee." Wakacheka zaidi, na kura nikapata. Siku ile nilijifunza jambo baya kuliko yote niliyojifunza maishani, kwamba mtu akiwachekesha watu huona kuwa amesema haki.

Ikafika mwaka ambao Waingereza walijitengenezea mahakama ya rufaa kwa kesi za jinai, ili mtu akihukumiwa kimakosa apate pa kukimbilia. Wakasimama wachache bungeni wakasema, na Uskoti nayo ipewe. Nikainuka mimi. Nikasema, hao majirani zetu wana haja ya rufaa kwa sababu mahakama zao zinakosea. Kwetu wazee wa baraza, wale raia wanaopiga kura ya hatia, ni kumi na watano, si kumi na wawili kama kwao, na Waskoti kumi na watano wakiwekwa chumba kimoja hawakubaliani hata juu ya hali ya hewa mpaka iwe kweli. Bunge likacheka. Magazeti ya kwetu yakaniita simba. Hoja ikafa, na nilichangia kuiua, wanangu, kwa mzaha. Wahenga wanasema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi niliijua methali hiyo tangu mdogo, nikidhani yawahusu wajinga.

Chama kikanishukuru. Kwanza nikawa wakili wa serikali, kisha, kama ilivyo njia ya kwetu, wakanivika joho la ujaji. Nikachukua jina la kijiji chetu, nikawa Bwana Kirkmallo. Nikampelekea mama habari. Akanitazama juu ya miwani. "Bwana Kirkmallo? Haya Bwana, paa la kanisa lako linavuja, njoo uzibe." Grizel unacheka. Cheka, mama yangu, alikuwa anachekesha kweli yule.

Mwaka wangu wa pili kitini nilikwenda mzunguko wa mahakama mjini Invermarn, na huko nikaletewa Wattie Gow. Alikuwa mtu wa kulima na farasi katika shamba la watu, miaka thelathini, mfupi, mikono mikubwa. Mjane mwenye duka la tumbaku alikuwa amepigwa kichwani akafa dukani mwake jioni. Sheria yetu haimfungi mtu kwa shahidi mmoja, lazima wawe wawili. Wa kwanza alikuwa muuza maziwa aliyesema alimwona Wattie karibu na mlango. Wa pili alikuwa mwasha taa za gesi, aliyemwona mtu akitoka mbio. Bila huyo wa pili kesi haikuwa na miguu. Na huyo wa pili, siku ya kwanza, alikuwa amewaambia polisi kwamba aliyekimbia ni mrefu.

Aliyemtetea Wattie alikuwa Cosmo Hay, rafiki yangu wa kutembea naye ukumbini. Akamuuliza mwasha taa, "Kabla hujaonyeshwa mshtakiwa akiwa ameketi peke yake chumbani, ulisema mtu yule ni mrefu?"

"Nilisema hivyo, bwana."

"Na sasa?"

"Sasa ni huyu hapa."

Watu wakacheka, hata mimi nikatabasamu. Kisha ikawa zamu yangu kuwaeleza wazee wa baraza namna ya kuupima ushahidi, na hapo, wanangu, ndipo nilipopaswa kuwaambia, mtu huyu kwanza alisema mrefu, na aliyebadili kauli baada ya kuonyeshwa mtu mmoja si shahidi wa kunyongea kuku. Sikuwaambia. Niliwaambia mashahidi ni wawili na sheria yadai wawili. Basi. Si kwamba nilimchukia Wattie, wala sikuhongwa, wala sikuchoka. Niliiamini hotuba yangu. Nilijiambia, ni Waskoti kumi na watano, wataona wenyewe.

Wakatoka, wakarudi. Mnajua kwetu hukumu ni tatu, ana hatia, hana hatia, na ile ya katikati, haikuthibitika, inayomtoa mtu mlangoni bila kumsafisha. Saba walisema haikuthibitika. Nane walisema ana hatia. Kule kwa Waingereza niliowacheka, hata mmoja akikataa mtu hanyongwi. Kwetu sisi wajanja nane kwa saba yatosha. Nikamuuliza Wattie kama ana neno. Akashika ukingo wa kizimba akasema, "Mheshimiwa, wale farasi wawili nani atawalisha? Hawali mkononi mwa mgeni." Na kutoka benchi la nyuma sauti ya mwanamke ikasema, "Mimi, Wattie! Mimi nipo!" Huyo ndiye Effie, dada yake. Nikaweka kichwani kofia nyeusi ya hukumu ya kifo, nikatamka yale yanayotamkwa.

Nipeni maji. Kidogo tu. Inatosha.

Cosmo Hay alinifuata chumbani, joho bado mwilini. Akasema, "Ninian, laiti tungekuwa Uingereza, saa hizi ningekuwa napanda ngazi kwenda juu yako. Niambie, hapa juu yako kuna nani?" Akatazama dari. "Kuna paa," akasema, akaondoka, na hadi alipokufa hakutembea nami tena ukumbini. Msimlaumu. Hicho si kinyongo cha kurithi, alikuwa na haki nacho.

Kulibaki kijitundu kimoja. Waziri mwenye kalamu ya msamaha humwandikia jaji, kwa siri, kumuuliza kama ana la kusema kabla mtu hajanyongwa. Nikaketi katika chumba kile cha chini humu nyumbani nikaandika: Kwa maoni yangu kosa la mtu huyu halikuthibitika, na asinyongwe. Nikaisoma. Halafu nikaiona barua ile ikitoka siku moja, magazeti yakiiweka kando ya hotuba yangu, na Dod Spink akisimama nyuma ya ukumbi wote wa dunia akiuliza, Ninian, wale kumi na watano wasiokosea wako wapi? Nikaikunja. Nikaandika ya pili: Wazee wa baraza walisikia yote, sina la kuongeza. Hiyo ndiyo iliyokwenda posta. Torquil, usinitazame hivyo. Au nitazame, ni haki yako pia.

Walimnyonga saa mbili asubuhi. Saa mbili hiyo mimi nilikuwa nimesimama jikoni na bakuli la uji wa shayiri, kama mwanamume wa kwetu anavyopaswa kuunywa, wima. Saa ikagonga, nikakaa chini. Tangu siku ile nala uji nimeketi. Nanyi mlidhani nimeiga Waingereza, mkanitania mezani miaka yote, nami nikawaacha mnitanie. Wattie walimzika ndani ya ukuta wa gereza, hakuna kadi wala nambari, ndugu hawakuitwa.

Maji yakimwagika hayazoleki. Kila nilipokwenda Invermarn, Effie Gow alikuja akaketi benchi la nyuma, akafuma soksi. Hakupiga kelele, hakunitukana, wala hakunitazama sana. Mpiga mbiu wa mahakama alitaka kumtoa, nikamwambia mwache. Miaka ishirini na miwili. Nilihukumu wezi wa kondoo na wenye kughushi hundi huku nikisikia sindano zake. Na katikati ya miaka hiyo Uskoti nayo ikapata mahakama yake ya rufaa, nami nikaiunga mkono, wakanipongeza kwa busara, chakula kikaandaliwa, nikala.

Jumanne iliyopita nilimtuma Grizel akamlete kwa treni. Grizel, wewe ulikuwa chini ukipasha maji ya chai, hukusikia tuliyosema. Aliingia na kikapu chake cha kufumia, akakataa kiti. Nikamwonyesha sanduku langu la uwakili, lile lenye kibao cha shaba, akatoa barua ya kwanza, ile niliyoikunja. Akaisoma amesimama.

"Hii uliandika lini?"

"Kabla ya ile niliyoipeleka."

"Kumbe ulijua."

"Nilijua haikuthibitika, Effie."

"Sikuulizi hilo. Nyinyi wakubwa mna majibu matatu, sisi huko mashambani tunayo mawili. Wattie aliua au hakuua?"

Wanangu, ningeweza kusema hakuua. Mtu anayekufa ana ruhusa ya zawadi moja. Lakini nikamwambia kweli, sijui. Akaikunja barua akaiweka juu ya blanketi langu, hapa. Akasema, "Miaka yote hiyo ya kusoma, na bado hujui. Mimi nilijua siku ile ile. Wale farasi walikaa siku nne hawajala, mheshimiwa, ndipo wakakubali mkono wangu, kwa sababu unafanana na wake."

Nikamwomba ashike kamba ya kichwani. Nilimwomba kama mwombaji, mimi niliyekuwa nikiita watu na wakaja. Kisha akasema, "Kaka yangu kamba yake ilikuwa moja tu, na sisi ndugu zake hatukuishika."

Nikasema, "Najua."

"Unataka jibu?"

"Nataka, Effie. Ndiyo au hapana."

Akachukua kikapu chake. "Sikuambii ndiyo, sikuambii hapana. Jibu la tatu mlilitunga nyinyi, basi nawe kaa nalo." Akashuka. Chai yako hakuinywa, Grizel.

Ndipo nilipo, wanangu. Sijui kama atakuja. Na nyinyi pia siwezi kuwalazimisha, hilo nalijua kuliko mtu yeyote katika nchi hii, maana maagizo ya maiti kuhusu mazishi yake hayana nguvu mahakamani, ni maombi tu. Na hata nikisema nitamnyima mali asiyenitii, sheria yetu inampa mtoto fungu lake hata baba akifa na kinyongo. Nimewatafutia fimbo usiku na mchana sijaiona. Torquil, ukitaka utachapisha kadi nambari moja kwa jina lako, utashika kamba, watu watasema mwana mwema, Januari utapata kiti, na mimi nitakuwa ndani ya ubao, mdomo umefungwa. Nakujua, kwa sababu mimi ningefanya hivyo. Nilifanya hivyo. Kwa hiyo sikuamuru. Nakuomba, mwanangu, mbele ya dada yako.

Mkono huo ni wako? Nishike basi. Sioni kama unatikisa kichwa au unalia.

Haya... sikilizeni, nafupisha. Barua ya kwanza, iko chini ya mto. Grizel, mpelekee Effie tena. Akiitupa, okota, mpelekee tena. Kadi nambari moja iandikwe jina lake lote, Euphemia Gow, wino mweusi kama za wengine. Zile saba gawaneni mnavyotaka. Torquil, wewe shika ya miguuni... ya miguuni nayo ina heshima yake.

Na siku yenyewe, kamba ya kichwani iwekwe ardhini, mahali pa mtu kusimama. Mngojeni. Mchungaji akikohoa, mwacheni akohoe. Mngojeni mpaka mvua... mpaka muone njia yote hadi stesheni haina mtu.

Akija, mpisheni.

Asipokuja... Torquil, sikia hili. Asipokuja usiruke kuikamata. Wala asiikamate jaji yeyote. Nishusheni kwa hizo saba. Jeneza litainama, najua, kichwa kitatangulia, litagonga, watu watashtuka... Mwacheni Bwana Kirkmallo agonge. Msininyooshe.

Mungu awape... awape nyinyi mtu juu yenu, wanangu, kila mtakapoketi. Asiwape paa tu. Awape ulimi mzito. Torquil, ukipata kile kiti... Grizel, usimwache ndugu yako peke yake na zile kadi.

Nimechoka. Fungueni dirisha kidogo. Nani huyo kwenye ngazi?... Nendeni mkaangalie. Pengine ni yeye.